Nilivyojifunza Kanuni kwa Kishikwambi



Siku hizi nikialikwa kupiga kanuni kwenye shughuli ya wanawake, hakosekani mmoja wa kuja kukaa ubavuni pangu, sahani ya biriani mkononi, akaniuliza mwalimu nimempata wapi, na hali nimezaliwa Wete, nimeolewa Wete na nasomesha skuli ya msingi hapa hapa. Nikimjibu kwamba nusu ya kwanza nimefundishwa na kishikwambi cha mume wangu, hucheka akidhani namtania. Si utani. Na kwa kuwa wawili watatu kati yenu mmeniuliza kwa dhati, mmoja akiwa dada wa bi harusi mtarajiwa anayetaka kumpigia mdogo wake siku ya kutiwa hina, nimeona niandike yote: kipi kilinifaa, kipi hakikunifaa, na maneno niliyoyasikia njiani.

Kwanza ala yenyewe, kwa walioisikia bila kuiona. Kanuni ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja umekatwa mshazari, linalolazwa mapajani au juu ya meza ndogo. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, na kila tatu hutoa sauti moja. Za Kiarabu nyingi zina mafungu 26, yaani nyuzi 78. Daraja linalobeba nyuzi upande wa kulia hukaa juu ya ngozi, mara nyingi ya samaki, na ngozi hiyo ndiyo inayoipa kanuni ule mlio wa maji yanayochuruzika, ambao ukiusikia kwenye taarabu ya zamani unajua papo hapo kwamba hiyo si udi wala fidla. Mpigaji huvaa pete mbili, moja kila kidole cha shahada, na kila pete imebana kijibanzi kinachodona nyuzi, kiitwacho risha. Upande wa kushoto, karibu na vigingi, kuna safu za vibao vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa ili kuupandisha au kuushusha uzi kidogo sana. Vikumbukeni hivyo vibao, maana vitanisumbua huko mbele.

Visiwani kwetu kanuni si ngeni. Wazee husimulia kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza, naye akarudi akiwa mpigaji wa kanuni. Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Lakini angalieni: Siti aliimba. Kwa miaka mingi mwanamke kwenye taarabu alikuwa koo, na ala zilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo kuna Tausi, kikundi cha wanawake watupu alichokianzisha Bi Mariam Hamdani, na kile chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, DCMA, kilichoanza mwaka 2002, kimewafunza mabinti ala za kila namna. Mashaallah. Ila Unguja ni Unguja. Mimi niko Pemba, nina watoto wawili na madaftari arubaini ya kusahihisha kila jioni.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpigaji. Alipofariki, kanuni yake ilibaki kwa mjomba, Mkunazini, juu ya kabati, imefunikwa shuka la maua. Ikakaa hapo miaka kumi na moja. Wajukuu wa kiume walikuwepo, na hakuna aliyeigusa. Mwaka juzi mjomba akatupigia simu kutuarifu kwamba amepata mnunuzi, mgeni mmoja aliyetaka kuitundika ukutani iwe pambo. Msimuone mjomba mbaya. Paa lake lilikuwa linavuja. Nilipokwenda kumuona akaniambia, "Chombo kisichopigwa ni mzigo wa vumbi, mwanangu." Nikamjibu, "Mjomba, basi nipe mimi." Akanitazama muda, akaniuliza: "Utaipiga, au utaifunika shuka jipya?"

Tukakubaliana. Ilikuwa mfunguo tano. Ikifika Rajabu nikampigia kitu kinachosikilizika, kanuni yangu. Nikishindwa, mgeni anaichukua. Na mpaka hiyo Rajabu kanuni haivuki mkondo wa Pemba, aliogopa isije ikavunjika. Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitano ya kujifunza ala ambayo sikuwa nayo.

Ndipo nikaingia kutafuta kanuni za kwenye simu. Zipo nyingi kuliko nilivyotarajia, na baada ya kupakua na kufuta kwa wiki nzima nikaona ziko za namna mbili. Ya kwanza inakuchorea kanuni kamili kwenye kioo, na nyuzi zake, ukigusa uzi unalia. Ya pili inakuwekea funguo za piano tu, ila sauti inayotoka ni ya kanuni. Zote mbili, zile nzuri, zinafanya kazi kwa njia moja: mtu amekaa studio na kanuni ya kweli, akadona uzi mmoja mmoja, sauti ikarekodiwa, na wewe ukigusa unaamsha ile rekodi. Zile mbaya zimetengeneza sauti kwa hesabu tupu na zinalia kama kengele ya baiskeli. Hizo zifuteni mara moja, maana masikio huzoea uchafu haraka.

Simu yangu ilikuwa ndogo, vidole viwili vikijaa kioo kizima, ndiyo maana nikahamia kishikwambi. Jambo la pili nililoligundua ni kuchelewa. Unagusa sasa, sauti inakuja baadaye kidogo, kadiri ya kupepesa jicho, na kupepesa jicho kunatosha kukuvunja mdundo. Hedifoni za Bluetooth ndizo zinazochelewesha zaidi. Nilinunua zile za waya za bei ndogo sokoni na tatizo likapungua sana. Ukianza, anza na za waya. Faida yake nyingine ni kwamba nyumba nzima inalala, mume analala, watoto wanalala, na wewe uko kwenye mkeka baada ya isha unapiga kanuni bila ya jirani kusikia hata kidogo. Nawaambia kweli, kwa mwanamke mwenye nyumba hiyo peke yake ni neema. Mwanzo wa kujifunza ala ni kelele mbaya, na kelele mbaya ya mke wa mtu ina wasikilizaji wengi mtaani.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujua njia. Uzi huu ni do, huu re, huu mi; mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unajibu chini yake kwa sauti ile ile iliyoshuka daraja nane. Kioo kilinifaa sana hapo. Kilikuwa na rangi za kunionyesha, kilirudia bila kuchoka, na programu moja ilinipunguzia mwendo wa wimbo mpaka nikauona kila mguso. Mwalimu wa kibinadamu gani atakupigia kipande kimoja mara sitini saa nne ya usiku?

Halafu nikakwama kwenye kitu ambacho sikujua jina lake. Nilikuwa natafuta sauti za bashrafu moja aliyokuwa akiipiga babu, ninayoikumbuka tangu utotoni. Noti zote nilizipata isipokuwa moja. Nikigusa mi, imepanda mno. Nikigusa ile iliyo chini yake, imeshuka mno. Wimbo ulikuwa unalia kama mtu anayesema Kipemba kwa lafudhi ya redio. Usiku wa tatu au wa nne hivi ndipo nikafahamu kwamba sauti niliyokuwa naitafuta haikuwemo humo kabisa. Iko katikati ya zile mbili, na piano haina mahali pa katikati.

Hiyo ndiyo robo sauti. Watengenezaji wa programu huigawa kila nusu sauti sehemu 100 wanazoziita senti (si za pesa, ingawa na zenyewe hazikamatiki), na zile programu zilizotengenezwa kwa piano huruka mia kwa mia. Muziki wa Kiarabu, na taarabu yetu ya asili iliyotokana nao, unataka pia vituo vya kati. Vile vibao vidogo vya chuma vya kanuni viliwekwa kwa ajili hiyo. Nikatafuta kwenye mipangilio mpaka nikapata mahali pa kuishusha mi kwa senti 50, nikashusha, nikagusa re, halafu hiyo mi mpya, halafu fa. Nywele zilinisimama. Alikuwa babu.

Lakini hakuwa babu peke yake. Nilikaa pale nikijiuliza sauti hii nimeisikia wapi kila siku ya maisha yangu, na jibu lilikuwa chuoni. Njia ile inaitwa maqamu ya Bayati, na wasomaji wengi wa Misri huanzia hiyo hiyo wanapofungua kisomo. Tulilelewa na kanda zao. Mwalimu wetu wa chuo aliwaiga, sisi tukamuiga yeye, tukiwa na miaka sita, tumekaa kwenye jamvi na misahafu kwenye marehani. Sisemi Qur'ani ni muziki, hasha, kisomo kina heshima yake na hukumu zake. Nasema masikio ya mtoto wa Kiislamu wa visiwani yamefunzwa sauti hizi kabla hajajua kuandika jina lake. Kasida, maulidi, adhana ya alfajiri, zote zimepita huko. Kwa hiyo dada unayehofia kwamba huna kipaji, kaa utulie. Lile lililo gumu zaidi kwa mgeni anayejifunza kanuni, kuisikia robo sauti, wewe unalo tayari.

Na hizo senti 50 msizichukue kama sheria. Nilipozidi kusikiliza rekodi za zamani niliona ile mi ya Bayati wengine wanaishusha zaidi kidogo, na kwenye maqamu ya Rasti inapanda kidogo. Waturuki wao wanagawa kwa vipande vidogo zaidi, ndiyo maana kanuni zao zina vibao vingi kuliko za Kiarabu. Kishikwambi kinakupa namba, lakini mahali hasa pa kusimama huamuliwa na sikio na mji uliotoka.

Mfunguo nane nilipata likizo ya skuli, nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja kumjulia hali mjomba na kuiona kanuni. Nilikuwa nimeshajua bashrafu nusu yake, kwa kioo, bila kutazama. Mjomba alinitafutia mwanamke mmoja wa makamo, aliyejifunza mjini na kupigia kikundi, anisikilize. Naye ndiye mwalimu wangu mpaka leo. Alinivalisha pete, akaishusha kanuni mapajani mwangu, akasema, "Haya, Bismillah."

Nikapiga. Ikatoka sauti ya kuku anayeparua bati.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama vidole, akaniambia nipige tena, akatazama tena. Kisha akasema: "Masikio unayo. Ila vidole vyako vinabisha hodi, mwanangu, havifungui mlango."

Nilikuja kufahamu maana yake baadaye, na hili ndilo ninalotaka mulishike zaidi katika yote niliyoyaandika leo. Kwenye kioo, sauti hutoka kidole kinapotua. Kwenye uzi, sauti hutoka risha inapoondoka. Risha inafika kwenye uzi, inaulalia, inausukuma kidogo, na mpaka hapo bado kimya; ukiuachia ndipo unalia. Kwa miezi mitatu mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba kazi inakwisha kwa kugusa. Nikawa natua kwa nguvu na kuondoka bila nia, nusu ya noti hazitoki na nusu zinakwaruza. Pia kioo hakijui nguvu. Ukigusa kama unapapasa uso wa mtoto, ukigusa kama unaua mbu, sauti ni ile ile. Kanuni inajua kila kitu, hata kama umekasirika.

Ziko ala ambazo kioo kinazifundisha tendo lake hasa. Marekani kuna moja iitwayo Chapman Stick, ubao mrefu wenye nyuzi unaovaliwa wima mbele ya kifua. Emmett Chapman, mpiga gitaa, alianza mwaka 1969 kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na mwaka 1974 akaanza kuuza ala aliyoibuni kwa mtindo huo. Uzi wake haudonwi. Kidole kinaugonga kwenye ubao na sauti inatoka hapo hapo kinapotua. Mwenye kujifunza hiyo kwa kugusa kioo anajifunza ishara ile ile, ingawa bado atakosa uzito wa uzi. Taishokoto ya Mombasa iko katikati, mkono wa kushoto unabonyeza vitufe kama vya taipureta, wa kulia unadona. Kanuni haimo kundi hilo. Kwenye kishikwambi nilikuwa napiga kanuni kana kwamba ni Stick, na ala hizo mbili hazijawahi kuonana.

Mwalimu hakuniambia nikitupe kishikwambi. Alinipa pete zake za zamani nirudi nazo Pemba, akaniambia nitafute ubao, nigongee misumari, nifunge mshipi wa kuvulia samaki. Nyuzi za kanuni siku hizi ni za nailoni, na mshipi ni nailoni. Mume wangu (Mungu amlipe kheri, maana wapo ambao wangeuliza chakula kiko wapi) alinunua mshipi wa unene wa aina tatu, akakata ubao wa kitanda kilichovunjika, akafunga nyuzi tisa. Sauti yake ilikuwa ya ovyo kabisa, haikuwa na sanduku wala ngozi. Haikuwa na haja. Ubao ule ulifundisha vidole kuondoka, na kishikwambi kiliendelea kufundisha masikio. Kila usiku nusu saa ubao, nusu saa kioo. Mikono ikawa na sugu ndogo pembeni mwa kucha, nikawa naifichia chini ya hina.

Sasa niseme neno kuhusu dini, maana najua baadhi yenu mmekuwa mkilisubiri tangu aya ya kwanza.

Mama yangu, binti wa yule babu mpiga kanuni, tangu alipotoka hija haisikilizi. Hakunikataza. Nilipomwambia makubaliano yangu na mjomba, alisema "kheri" akaendelea kuchagua mchele. Na kila nilipopiga ubao kwake, aliingia jikoni akarudisha mlango. Nilikwenda kusoma na kuuliza. Madhehebu yetu ya Shafi, na wengi katika madhehebu manne, wamezikataza ala za nyuzi, na dufu wakaliruhusu, hasa harusini. Imepokewa katika Bukhari kwamba Bibi Aisha alipompeleka bi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama hapakuwa na burudani, kwa kuwa Maansari wakiipenda. Wapo wanazuoni walioona vyengine, naye Ibn Hazm wa Andalusia alizidhoofisha hadithi za makatazo na akasema ala ni halali. Mimi si mwanachuoni wa kuwaamua. Nimeshika la kuruhusu kwa masharti niliyojiwekea: wanawake watupu, maneno safi, sala haingojeshwi, adhana ikilia risha zinavuliwa. Dada anayeona jambo hili halimfai, namheshimu na sibishani naye, na dufu lipo, tena dufu likipigwa na wanaolijua halihitaji msaada wa kanuni. Ninachokikataa ni ile tabia ya mtu kuhudhuria kila taarabu ya mjini, kisha kumtolea fatwa mwanamke mwenziwe anayejifunza nyumbani kwake.

Rajabu ikafika. Nilikwenda na mume na watoto. Mjomba aliishusha kanuni mwenyewe, akaiondoa shuka, akaniwekea na ule ufunguo mdogo wa kukazia vigingi, kisha akakaa kwenye kiti cha uvivu, akafumba macho.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtihani wa kwanza ungekuwa kuitengeneza sauti. Kishikwambi hakishuki sauti kamwe. Ukikiwasha asubuhi kiko pale pale ulipokiacha. Kanuni iliyokaa juu ya kabati, na unyevunyevu wetu wa visiwani unavyolegeza ngozi, ilikuwa imekwenda kila upande. Vigingi 78. Nyuzi tatu za kila fungu mpaka ziwe sauti moja, zisipepesuke. Mwalimu alikuwa amenionyesha namna yake, nami nilianza na re kwa kuiazima kwenye simu, kisha nikaendelea kwa sikio. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Watoto walilala. Nilipofika kwenye ile mi ya katikati sikuazima chochote, niliitafuta polepole mpaka nikaipata ilipokuwa chuoni, na nikamsikia mjomba anavuta pumzi. Naamini alikata shauri hapo, kabla sijapiga hata noti moja ya bashrafu. Kwa sababu bashrafu yenyewe niliipiga nusu, kwa mwendo wa kobe, na mkono wa kushoto ulinikimbia mara mbili.

Hakunisifu. Aliamka, akaenda chumbani, akarudi na kijifuko cha ngozi chenye pete za babu, akaniwekea juu ya mbao. "Ufunguo ukipotea," akasema, "hapatengenezwi mwengine." Paa tuliliezeka kwa mchango wa familia, mwaka huo huo, na mgeni akanunua mlango.

Kanuni ilivuka mkondo mapajani mwangu, imefungwa blanketi mbili. Nahodha mmoja alinitaka niiweke na mizigo. Nilimwambia heri aniweke mimi.

Kuhusu harusi nitasema machache, maana hayo ndiyo maswali yenu mengi. Mara ya kwanza nilipiga Shaabani, mtoto wa dada yangu, siku ya hina, nyumbani, wanawake kama arubaini, tukiwa na dufu, rika na sauti za shangazi zake. Kanuni ni ala ya sauti ndogo. Bi harusi ukiitaka, usiiweke wakati wa kula, itazama kwenye mazungumzo na sahani. Iweke wakati unapoingia, au unapotiwa hina na watu wametulia. Kwenye ukumbi mkubwa kinahitajika kipaza sauti karibu na ngozi, na fundi akikisogeza karibu mno inalia kama sufuria, basi mfanye majaribio kabla wageni hawajaja. Na simu zikusanywe mlangoni. Wenzenu wamevua mabuibui, wamejipamba, na video moja tu inatosha kuharibu furaha ya watu arubaini. Mimi huweka kapu mwenyewe, na yangu huwa ya kwanza kuingia.

Kishikwambi bado nakitumia, hasa kujifunza kitu kipya kabla sijakigusa kwenye nyuzi, na watoto wakilala. Kwa anayeanza bila ala, ningemshauri apate programu inayoruhusu kushusha sauti kwa senti, hedifoni za waya, na ubao wenye mshipi tangu wiki ya kwanza, asingoje miezi mitatu kama ilivyokuwa kwangu. Na amtafute mtu wa kumtazama vidole, hata kwa mara mbili kwa mwaka.

Mama bado anarudisha mlango wa jikoni. Alhamisi iliyopita nilikuwa nafanya mazoezi kwake, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ngozi imelegea, mimi nimeshazama kwenye bashrafu sisikii kitu. Mlango ukafunguka kidogo, ikaja harufu ya kitunguu, na sauti yake, bila yeye mwenyewe kuonekana.

"Uzi wa tatu umeshuka."

Nikaukaza. Mlango ukarudi.